Mwalimu wa Damu na Maksi Saba na Nusu

Pale Tabora mjini watu wengi walimjua kwa kofia yake nyeupe na baiskeli yenye kengele mbili, moja ya watu na moja, alivyosema mwenyewe, ya mbuzi. Sisi tuliopita mikononi mwake tulimjua kwa kalamu nyekundu. Alifundisha somo la damu katika chuo kimoja cha afya, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumtaja kwa jina, tulimwita Mwalimu wa Damu. Alikuwa anajua. Siku moja mgeni alisimama mlangoni mwa maabara akamwulizia kwa jina lake kamili. Tukatazamana, tukajibu kwa adabu kwamba hatumfahamu mtu huyo. Mwenyewe alikuwa amesimama mbele yetu ameshika chaki.

"Hawa wananijua kwa kazi," akamwambia mgeni, na somo likaendelea.

Yeye naye hakutuita kwa majina. Alituita kwa mahali tulipokaa: Wa Mlangoni, Wa Sinki, Wa Nguzo. Mimi nilikuwa Wa Dirishani. Muhula wa pili nilihamishiwa karibu na kabati la vioo, lakini kwake nilibaki dirishani, na nimebaki huko mpaka leo.

Mapenzi yake yalikuwa kwa chembe sahani. Kwenye damu kuna chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, kuna nyeupe zinazopigana na magonjwa, halafu kuna hivi vipande vidogo kuliko vyote, ambavyo mtu akijikata hukimbilia palipochanika, vikashika ukuta wa mshipa, vikashikana vyenyewe kwa vyenyewe mpaka damu ikome. Walimu wengine walizipa chembe sahani kipindi kimoja. Yeye alizipa wiki tatu. Asubuhi moja aliingia darasani na kipande cha pamba kidevuni, amejikata kwa wembe, akakibandua mbele yetu kwa furaha kama mtu anayefunua zawadi.

"Dakika nne," alisema. "Nimetazama saa. Mnadhani nani kafanya kazi hii? Mimi? Mimi nilikuwa natafuta pamba."

Hata harusini hakuzisahau. Wa Sinki alipofunga ndoa na Wa Nguzo, tulifanya kosa la kumwomba Mwalimu wa Damu atoe nasaha kwa maharusi. Alishika kipaza sauti, akasalimia, akasema kwamba juu ya ngozi ya kila chembe sahani kuna molekuli za kushikamana zinazoitwa integrini, na kwamba molekuli hizi zikiwa zimetulia huwa zimejikunja, hazishiki kitu, lakini zikipata habari ya jeraha hunyooka na kufungua mikono. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima wakidhani inakuja aya. Haikuja. Ilikuja kolajeni. Mshereheshaji alijaribu kupiga makofi mara mbili ili amalize, na mara zote mbili Mwalimu alimshukuru na kuendelea. Mpaka leo mama mzazi wa bibi harusi akikutana nami sokoni huniuliza, "Yule mzee wa integrini hajambo?"

Na mtu huyu aliyesifu kushikamana hivyo, kwenye sherehe hiyohiyo alikaa peke yake kwenye kiti cha pembeni kabisa, akala pilau ameipa hadhara mgongo. Hakuwa mwanachama wa kikundi chochote. Vikao vya walimu alivikimbia. Kundi la simu la wanafunzi wake wa zamani alilikataa miaka miwili, na alipokubali kuingizwa, ujumbe wake wa kwanza ulikuwa kusahihisha tahajia ya salamu zetu za Idi.

Alikuwa na makatazo mengi, na mengi aliyavunja mwenyewe. Maabara ilikuwa marufuku kuingia na chakula. Lakini ofisi yake ilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na kwenye saraka ya meza yake alificha chupa ya asali ya miombo aliyoilamba kwa kijiko cha chai kila ifikapo saa nne asubuhi, mlango umerudishwa. Sote tulijua, kwa sababu nyuki walijua. Tulipokwenda kuchukua majibu ya majaribio tulikuta watatu wanne wakizunguka saraka, naye akiwafukuza kwa daftari la mahudhurio, akilalamika kwamba chuo kina wadudu.

Katazo moja hakulivunja kamwe. Hakutaka mtu aamini mashine ya kupimia damu kabla ya kutazama kwa macho. "Usiniambie mashine imesema," alituambia. "Mashine haina macho. Wewe unayo mawili, na moja linatosha."

Tulimcheka kwa hilo mpaka siku alipotupeleka kwa mafunzo ya vitendo katika hospitali moja, sitaitaja. Wodini kulikuwa na mwanamke mjamzito aliyesubiri upasuaji. Mashine ilikuwa imesoma damu yake na kutoa jibu kwamba chembe sahani karibu hazipo. Mtu wa namna hiyo ukimpasua anaweza kuvuja damu mpaka afe, kwa hiyo daktari alikuwa ameagiza gari la wagonjwa limpeleke Mwanza. Mume wake alikuwa ameshakunja mkeka na kufunga sufuria ndani ya kanga. Mwalimu wa Damu akamtazama yule mama kwa muda.

"Mama, fizi zinatoa damu?"

"Hapana, baba."

"Ulipochomwa sindano jana, damu ilikawia kukata?"

"Ilikata palepale."

Akaomba tone la damu lipakwe kwenye kioo. Fundi wa zamu akasema mashine ni mpya. Mwalimu akasema amefurahi kusikia hivyo, akaomba kioo. Alikiweka chini ya darubini, akakitazama, kisha akasogea pembeni na kuniita nitazame. Pembezoni mwa tone, chembe sahani zilikuwa zimejazana mafungu mafungu, mamia kwa mamia. Zilikuwa zimeshikana ndani ya kile kichupa, kwa sababu ya dawa inayowekwa humo kuzuia damu isigande, jambo ambalo kwa watu wachache hutokea. Mashine huhesabu kinachopita kimoja kimoja; fungu likipita, haioni chembe sahani.

Akatoa damu nyingine, akaiweka kwenye kichupa chenye dawa tofauti, akahesabu. Zilikuwa tele. Mama akapasuliwa siku hiyohiyo, mtoto wa kiume akalia saa nane mchana, mkeka ukakunjuliwa tena.

Kesho yake Mwalimu alipita wodini mara tatu bila sababu, tukajua anasubiri kusikia mtoto ameitwa nani. Mtoto alipewa jina la dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hakuwa ameendesha hata hatua moja. "Jina zuri," Mwalimu alisema, akapanda baiskeli yake.

Nimesema alipenda kutazama. Tatizo lake ni kwamba lile alilokwisha kulitazama alilifunga kama jalada. Na moja ya majalada hayo lilinipitia mimi.

Mwaka wangu wa pili alitoa swali mtihanini: eleza kwa nini chembe sahani haziwezi kutengeneza protini. Jibu alilotaka lilijulikana na vizazi vyote vya chuo kile. Protini hutengenezwa kwa maagizo yanayotoka kwenye kiini cha chembe, chembe sahani haina kiini, basi. Ila mimi wiki ile nilikuwa nimesoma kwenye simu makala iliyosema kwamba si hivyo. Ilisema zinaweza, kidogo, zikishashika mahali. Kifurushi cha intaneti kiliisha nikiwa katikati, lakini nusu niliyoisoma ilinitosha kuwa na kiburi. Nikaandika: "Swali si sahihi. Zinaweza, zikishika."

Nilipata sifuri. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Hazina kiini. Usiote mchana."

Nilinyoosha mkono darasani. Nikasema nimesoma mahali. Hakunikemea, na ingekuwa afadhali angenikemea.

"Wa Dirishani," alisema kwa upole, "aspirini ikiigusa chembe sahani huiharibia kimeng'enya chake, nacho ni protini. Chembe ile hubaki na uharibifu huo mpaka inakufa, siku saba, siku kumi. Kama ingeweza kutengeneza protini, si ingejitengenezea kimeng'enya kipya?"

Darasa lilikuwa linanitazama. Nikakaa.

Sifuri ile ilinishusha chini ya kiwango, nikapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, nao ulipangwa wakati wa likizo. Jumamosi ambayo ukoo wote ulikusanyika Isikizya kwa sendofu ya dada yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, mimi nilikuwa bwenini peke yangu nikikariri kwamba hazina kiini. Dada yangu alinitumia picha. Kwenye kila picha pale ubavuni kwake paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Alikuwa amekataa mtu mwingine asimame hapo. Nilirudia mtihani, nikaandika alichotaka, nikafaulu kwa maksi nyingi, na kwa muda mrefu nilimsalimia Mwalimu wa Damu nikitazama viatu vyake.

Nilimaliza, nikaajiriwa katika maabara moja Igunga, kando ya barabara kuu ambako malori ya mpunga na mabasi ya Mwanza hayakatiki. Miaka ikapita. Asubuhi moja, tumeanza tu kupokea wagonjwa, nikaona kofia nyeupe kwenye foleni. Alikuwa amesimama kati ya mama mwenye mtoto wa homa na mfugaji mwenye fimbo, koti limejaa vumbi la safari, mkononi mfuko wa plastiki. Nikatoka mbio.

"Shikamoo, Mwalimu! Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Ngoja zamu yangu ifike."

"Mwalimu, pita tu ndani."

"Wa Dirishani, kuna mtoto ana homa hapa."

Akasubiri. Zamu yake ilipofika aliketi kwenye kiti cha kutolea damu, akafungua mfuko, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa mtihani wangu. Kumbe alikuwa akihifadhi karatasi za wote aliowafelisha, kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda, jambo ambalo mkewe alilipigia kelele kila Ramadhani wakati wa usafi.

"Nimekuja kusahihisha," alisema.

Mwanafunzi wake mmoja aliyekwenda kusoma ng'ambo alikuwa amerudi likizo na kumletea furushi la makala kuhusu chembe sahani, akidhani anamfurahisha. "Nilisoma mara ya kwanza nikakasirika," Mwalimu aliniambia. "Mara ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu nikapanda basi."

"Na aspirini?"

"Aspirini yangu bado ni kweli. Chembe sahani haitengenezi kila kitu, na inachotengeneza ni kidogo. Ila halikuwa jibu la swali lako. Nilikuziba mdomo kwa jambo la kweli." Akaikunjua ile karatasi gotini. "Hiyo ni mbaya kuliko kukuziba kwa uongo."

Akachomoa kalamu nyekundu, akaikata ile sifuri kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika saba juu ya kumi.

Nilimtazama. Mtu ametoka Tabora kwa basi la alfajiri, amepanga foleni na wagonjwa wa homa, kuja kunipa saba.

"Kwa nini si kumi, Mwalimu?"

"Hukueleza kinachozichochea. Ni kushikamana. Integrini ikishika, ndipo habari inaingia ndani. Wewe umesema zinaweza tu, kama mtu aliyebahatisha."

"Niliandika 'zikishika'."

Akaisogeza karatasi karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena. Fundi mwenzangu alikuwa amesimamisha kazi anatusikiliza. Mwalimu akavuta pumzi, akaongeza nusu.

"Neno moja," alisema, "nusu maksi."

Ndipo nikamwambia kuhusu sendofu. Sikupanga kumwambia, ilitoka. Nilimwambia na ile nafasi kwenye picha. Akaikunja karatasi tena, akanishikisha. Kisha akaomba namba ya dada yangu. Nilijaribu kumzuia, na yeyote aliyewahi kujaribu kumzuia anajua mwisho wake. Akapiga palepale, akasimama wima kama anahutubia.

"Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa mdogo wako. Nakupigia kukuomba radhi kuhusu sendofu yako. Kulikuwa na kosa la kitaalamu juu ya protini…"

Dada yangu akakata simu. Akapiga tena, ikakatwa tena. Dakika moja baadaye simu yangu ikaita. "Mdogo wangu, kuwa macho," dada alisema kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia, "kuna tapeli mzee anajifanya mwalimu wako. Anajua mpaka habari za sendofu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwalimu wa Damu hakucheka. Alingoja nimweleze dada ukweli wote, akachukua simu, akaomba radhi upya tangu mwanzo, protini na zote. Dada yangu alimsikiliza, halafu akamuuliza kama amekula. Huo ndio msamaha wa kwetu. Nikampeleka kula wali maharage kwa mama ntilie wa stendi, na saa nane akapanda basi la kurudi.

Hakuishia hapo. Wiki chache baadaye aliniita chuoni nifundishe kipindi cha protini za chembe sahani mimi mwenyewe. "Mimi nimezoea kulisema vibaya," alisema. "Ulimi unapita njia ya zamani." Akanitambulisha kwa wanafunzi kwa kusema kwamba kwa miaka mingi amefundisha kosa kwa sauti kubwa, na kwamba dada huyu alilisema sahihi kwa sauti ndogo akafelishwa. Kisha akaenda kukaa nyuma, mikono amekunja, kama mkaguzi.

Nikawaeleza. Kwenye uboho kuna chembe mama, kubwa mno, ambayo hukatika vipande maelfu. Kila kipande ni chembe sahani. Kipande hakipewi kiini, lakini hupewa nakala za maagizo, zile tunazoziita RNA, pamoja na vyombo vya kuyasoma. Kikiwa kinaelea kwenye damu, mengi ya maagizo hayo yamekaa kimya. Mshipa ukichanika, kipande kikashika kolajeni, yaani nyuzi za ukuta wa mshipa, au nyuzi za donge la damu kwa integrini zake, mshiko ule hutuma habari ndani, mifupa midogo ya chembe hujipanga upya, maagizo yanasogezwa kwenye vyombo, na protini zinaanza kutengenezwa, mojawapo ya kusaidia donge lijikaze.

Msichana mmoja akauliza kwa nini chembe isisome maagizo tangu mwanzo, kuliko kuyabeba bure.

Nilikuwa nafikiri jibu nilipoisikia sauti kutoka nyuma. "Huyu ni mpagazi," Mwalimu alisema. "Ametumwa kutoka pwani na barua ndani ya mzigo. Akiifungua njiani, itamsaidia nini? Afike kwanza kwa mwenyeji, ashike mlango. Ndipo ifunguliwe." Kisha akaongeza, "Samahani, mwalimu. Endelea." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na sikuweza kuendelea mpaka nilipokunywa maji.

Alistaafu baadaye, akahamia shambani kwake Ntalikwa na mkewe, wakalima karanga na viazi vitamu. Mwaka jana nikapata habari kwamba amepatwa na kiharusi. Donge la damu lilikuwa limeziba mshipa kichwani. Nilikwenda Jumapili. Nilimkuta barazani, mkono wa kulia umelala pajani, maneno yanatoka taratibu, moja moja, na mengine hayatoki. Mkewe, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, alimfuta mdomo kwa pembe ya kanga bila kuacha kunisimulia habari za karanga.

"Wa… Dirishani," alisema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akainua mkono wa kushoto kunyamazisha habari za karanga. Alikuwa na swali, na nilivyomtazama nikaona amelitunza siku nyingi. "Zikishika… zinatengeneza. Sawa. Donge… likishakaza. Nani… anaziambia… ziache?"

Nilielewa anauliza kwa ajili ya nani. Nilitaka kumpa kitu chochote, hata jambo la kweli lisilo jibu la swali lake.

"Sijui, Mwalimu."

"Yuko… anayejua?"

"Wako wanaojua sehemu. Si yote."

"Kasome," alisema. "Nasubiri."

"Atasubiri kweli huyu," mkewe akadakia, "lakini dawa zake ukimpa anasema kesho."

Jumapili iliyofuata nilirudi na makala mbili nilizochapishiwa mjini. Nilimkuta ameshavalishwa kofia nyeupe, na vidonge, mkewe aliniambia, alimeza mwenyewe bila kusukumwa kwa sababu kuna somo. Nikakaa, nikaanza kumsomea polepole, nikitafsiri kila sentensi. Alisikiliza ukurasa wa kwanza amekaza macho, akinisahihisha kwa kidole neno nililolikosea. Katikati ya wa pili, kichwa kikainama. Nikasoma mistari michache zaidi, nikamwona amelala kabisa, midomo wazi kidogo, anapumua vizuri.

Nikakunja karatasi taratibu, nisimwamshe. Mkewe alikuwa kwenye jamvi anabangua karanga, ungo mapajani. Aliacha kubangua.

"Mbona unakunja?"

"Amelala, mama."

"Amelala yeye. Mimi nasikiliza." Akajisogeza na ungo wake mpaka miguuni pangu. "Miaka yote hii ameniimbia integrini, integrini, nami naitikia tu huku nafikiria mboga. Hebu niambie, mwanangu. Hicho kitu ndiyo nini?"

Nikashuka kwenye kiti, nikakaa naye jamvini, nikaanza upya ukurasa wa kwanza.